Mwali, Chunjua na Maziwa ya Mnyaa

Binti mmoja wa Pangani alikuwa amebakiza wiki tatu aolewe, na kwenye kope lake la kulia la juu, karibu kabisa na mstari wa nywele, palikuwa na chunjua. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kinyama chembamba kilichosimama, urefu wake haufikii punje ya mchele, na ncha yake kavu imechanikachanika. Haikuuma wala haikuwasha. Ilikuwapo tangu kabla ya Ramadhani, na mwenyewe alikwisha kuizoea, isipokuwa kwamba wanja ulinasa humo kila alipojipamba.

Kisa hiki nimekiunga mwenyewe, kutokana na mambo ambayo madaktari wa macho wa pwani na bara hupambana nayo. Binti hana jina, na wala somo yake hana. Lakini mti, dawa, maradhi na njia za kutibu nitakazozitaja ni vya kweli, na yaliyompata binti huyu humpata mtu yeyote anayepita njia aliyopitishwa.

Somo yake alikuwa mwanamke mwenye heshima zake. Alikuwa amewalea na kuwafunda wali wengi mtaani, anajua singo, anajua kufukiza udi, anajua cha kumwambia binti anayelia usiku wa kuamkia nikahi. Alipofika kumtazama mwali wake, akamkamata kidevu na kumgeuzia mwangani.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu inua uso. Hii nayo bado ipo?"

"Bado. Mama alisema niiache, itaanguka yenyewe."

"Itaanguka lini, na watu wanakuja kukutazama? Mwali haonyeshwi ana kitu usoni. Kesho alfajiri nitakuja na mnyaa."

Mama mtu alisikia kutoka uani, akasita, kisha akanyamaza. Ni vigumu kumpinga somo ndani ya nyumba ya harusi. Na tena alikuwa na sababu ya kumwamini: miaka miwili nyuma, mdogo wake yule binti alikuwa na chunjua tele mikononi, somo akazipaka maziwa ya mnyaa, zikaungua, zikaanguka. Kila mtu alikumbuka hilo. Ambalo hakuna aliyelikumbuka ni kwamba chunjua mbili za goti la mtoto yuleyule, ambazo hazikupakwa kitu, nazo zilitoweka ndani ya mwaka huohuo.

Hapa ndipo imani nyingi za dawa za chunjua zinapozaliwa. Kwa watoto, karibu theluthi mbili ya chunjua huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili, kwa sababu kinga ya mwili hatimaye huzigundua na kuzishughulikia. Katika muda huo mtoto amekwisha kufungwa uzi, amepakwa kitunguu saumu, amesuguliwa chumvi, na dawa iliyotumika mwisho ndiyo hupewa sifa. Sisemi wazee wetu ni waongo. Waliona walichokiona. Lakini mwili ulikuwa unafanya kazi yake kimyakimya wakati sifa zinakwenda kwa mwingine.

Na mnyaa wenyewe si mti wa kudharau. Ni ule wenye vijiti vya kijani vilivyojazana, usioonekana kuwa na majani, unaopandwa kuwa ua kwa sababu mbuzi hawaugusi na ukame hauuui. Wengine huuita utupa, na Wakikuyu huuita kariaria. Ukivunja kijiti chake, maziwa meupe hutoka hapohapo, tele. Ndani ya maziwa hayo mna kemikali kali zinazochoma ngozi na kuiamsha ivimbe. Ukoo wake wa mimea umewahi hata kutoa dawa ya hospitali: mwaka 2012 Marekani iliidhinisha jeli iliyotokana na mmea mdogo wa ukoo huo kwa ajili ya madoa ya ngozi yanayoletwa na jua, ambayo yakiachwa huweza kugeuka saratani. Miaka minane baadaye, mwaka 2020, Ulaya iliiondoa sokoni kwa hofu kwamba dawa yenyewe huenda inaongeza saratani ya ngozi mahali inapopakwa. Basi hata pale ambapo wataalamu waliisafisha, wakaipima kwa kiasi kidogo kabisa na kumkabidhi mgonjwa kwa masharti, bado waliishia kuiogopa. Mnyaa wa uani haujapimwa na mtu. Tone la leo si sawa na tone la kesho.

Alfajiri ile somo alikuja na kijiti kibichi na njiti ya kiberiti. Binti akalazwa mkekani. Akaambiwa afumbe jicho. Somo akachovya njiti kwenye maziwa, akagusa chunjua mara moja, mara mbili. Mara ya tatu tone lilikuwa kubwa kidogo.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Unene wake ni kama nusu milimita, haina mafuta chini yake, ni ganda la ndani la kitunguu. Kinachokaa juu ya ngozi ya kiganja kwa siku mbili kabla hakijauma, kwenye kope huuma papo kwa papo. Na jicho likiumwa hufanya jambo moja tu, hata liamriwe vingine: hupepesa na kutoa machozi. Binti alipepesa. Machozi yalikutana na maziwa, na kope likayasukuma yote ndani.

"Linaunguza, somo."

"Vumilia. Ndiyo dawa inafanya kazi."

Walimfuta kwa kitambaa kikavu. Jirani aliyekuwa akinyonyesha akaitwa, akamkamulia matone ya maziwa ya kifua jichoni. Nusu saa ikapita, kisha saa. Hakuna aliyeleta kopo la maji.

Hii ndiyo sehemu ya kisa inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu maji yalikuwapo. Mtungi ulikuwa mlangoni. Jicho lililoingiwa na maziwa ya mnyaa linatakiwa lioshwe hapohapo, kwa maji safi mengi, likiwa limefunuliwa, mgonjwa akipepesa chini ya maji yanayotiririka kwa muda usiopungua robo saa, na nusu saa ni bora zaidi. Hakuna dawa ya duka wala ya hospitali inayoweza kulipa dakika hizo zikishapotea. Maziwa ya mama hayaoshi sumu. Yanaweza kuongeza vijidudu juu ya jeraha.

Tena mnyaa una hila. Mwanzo maumivu huweza kuwa ya kuvumilika, kisha huzidi kadiri saa zinavyopita, na siku ya pili huwa mabaya kuliko ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa. Adhuhuri binti alikuwa akilalamika mchanga jichoni. Usiku hakuweza kuvumilia hata mwanga wa simu. Kulipokucha kope lilikuwa limevimba, limetoka malengelenge, na jicho lenyewe jekundu, linatiririka machozi, ukungu mbele yake.

Wakaenda duka la dawa. Aliyekuwapo nyuma ya kaunta aliangalia, akasema ni maambukizi, akauza chupa ndogo ya matone yenye mchanganyiko wa antibayotiki na steroidi. Kwa siku mbili watu walifurahi, maana wekundu ulipungua na maumivu yakatulia.

Steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa anayejua wakati wake. Hutuliza uvimbe kwa kuizuia kinga ya mwili isipigane. Daktari akishalichunguza jicho na kuona halina vijidudu, huenda akaitumia kwa makusudi, na hata kwa jeraha la mnyaa huweza kuitumia. Lakini jicho lenye jeraha wazi ambalo halijachunguzwa, likipewa steroidi, ni mlango ulioachwa bila mlinzi. Kama bakteria au kuvu wameshaingia, wanakula kwa raha huku mgonjwa akidhani anapona. Ikitumika muda mrefu huweza pia kupandisha shinikizo la jicho. Matone ya aina hii hayafai kuuzwa kwa kutazamwa usoni, na mnunuzi ana haki ya kuuliza: humu ndani mna steroidi?

Siku ya tano palitokea doa jeupe juu ya kioo cha jicho. Mama hakungoja tena ruhusa ya mtu. Alimchukua mwanawe hadi hospitali ya wilaya, na mjomba wa binti akafuatana nao.

Muuguzi wa macho aliuliza jambo la kwanza ambalo kila muuguzi wa macho huuliza. "Mliweka nini?"

Wakatazamana. "Mtoto alimkwaruza kwa kucha," mama akasema.

Muuguzi alitia tone la rangi ya chungwa, akamulika kwa taa ya buluu. Mahali palipochubuka kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, pakang'aa kijani. Jeraha lilikuwa pana, limeenea eneo lote la chini. Ukucha wa mtoto hukwaruza mstari, haubabui hivyo. Akaizima taa, akavuta kiti.

"Mama, sikuulizi ili nikugombeze. Nikijua ni nini, nitajua cha kufanya. Nisipojua, nitabahatisha, na jicho ni la mwanao."

Binti mwenyewe ndiye aliyesema. "Ni mnyaa."

Naomba hapa msomaji atulie kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani hatari iko kwenye dawa ya kienyeji peke yake. Iko pia kwenye aibu inayofuata. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba karibu robo ya wagonjwa waliofika wakiwa na vidonda vya konea walikuwa wameshatumia dawa za kienyeji machoni. Hao ni wale waliokiri. Mgonjwa anayeficha huchelewesha tiba yake mwenyewe: utomvu unahitaji jambo moja, magadi au asidi ya betri mengine, kuvu mengine kabisa. Na sisi tunaofanya kazi ya kuelimisha tuna wajibu wa kukemea kitendo bila kumdhalilisha mtu, maana aliyedhalilishwa leo atajificha kesho.

Binti alipelekwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanga mjini. Alilazwa. Matone ya antibayotiki yakawa kila saa, usiku na mchana. Matone mengine ya kupanua mboni ili misuli ya ndani ipumzike na maumivu yapungue. Kope likapakwa marhamu. Jeraha la mnyaa likioshwa mapema na kutibiwa ipasavyo, mara nyingi konea hujifunika upya ndani ya wiki moja au mbili na jicho likarudi kuona vizuri. La kwake lilikuwa limeingiwa na vijidudu. Lilichukua wiki nyingi zaidi, na lilipopona liliacha chamba chini kidogo ya mboni. Anaona. Lakini usiku taa za magari humtawanyikia, na akisoma hufumba jicho hilo. Harusi ilisogezwa mbele, na upande wa bwana arusi, kwa uungwana wao, haukutoa neno.

Na chunjua je? Ilikuwa palepale. Mnyaa ulikuwa umeunguza ngozi ya kandokando na ncha ya juu, shina likabaki, na baada ya miezi michache ikachipua tena.

Daktari wa macho alimweleza kilichoiotesha, naye akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Chunjua ni kazi ya kirusi. Mwaka 1907 daktari Mwitaliano, Giuseppe Ciuffo, alisaga chunjua, akachuja maji yake kwa kichujio kisichopitisha bakteria, akajichanja nayo mwenyewe, na chunjua zikaota. Ikajulikana kwamba chanzo ni kitu kidogo kuliko bakteria. Leo kirusi hicho kinaitwa HPV, na aina zake zilizotambuliwa zimepita 200. Ni ukoo uleule wenye aina zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, ambazo wasichana wetu huchanjwa dhidi yake: Tanzania ilianza chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye umri wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Aina zinazootesha chunjua za mikono na uso ni nyingine, na kwa kawaida hazileti saratani. Mwenye chunjua ya kope asiogope neno HPV, na mzazi asidhani chanjo ile itaiponya chunjua iliyokwisha kuota.

Kirusi huingia mahali ngozi ilipochubuka, hata mchubuko usioonekana kwa macho, na huweza kukaa miezi kadhaa kabla hakijaotesha kitu. Ndiyo sababu mtu hakumbuki alikokipata. Daktari alimuuliza binti kama hunyoa nyusi. Ndiyo, saluni, kwa wembe. Wembe mpya? Hapana, wa pale pale. Hakuna awezaye kuapa kwamba ndipo ilipotoka, lakini wembe unaopita nyusi za huyu kisha za yule, kijiti cha wanja kinachozunguka nyumba nzima ya harusi, taulo moja la uso kwa mabinti watano, zote hizo ni njia zilizo wazi. Kujikuna nako hupanda mbegu: mtu hugusa chunjua ya kidole, akasugua jicho. Kinyozi wa nyusi asipitishe wembe juu ya chunjua kabisa, maana huisambaza mstari mzima.

Kisha ikaondolewa. Daktari alitia sindano ndogo ya ganzi, akalikinga jicho, akakinyofoa kinyama kwa juujuu bila kukata ndani ya kope, akachoma shina kwa kifaa cha umeme mpaka damu ikakata. Dakika chache. Kinyama chenyewe hakikutupwa. Kilitiwa kwenye kichupa cha dawa kwenda maabara kuthibitishwa. Alionywa kwamba chunjua huweza kurudi hata baada ya mikono mizuri kabisa, na ikirudi arudi yeye pia.

Zipo njia nyingine. Kugandisha kwa naitrojeni ya maji, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, hufanya kazi vizuri mikononi, lakini kwenye kope hutaka mkono mzoefu: huweza kung'oa nywele za kope, kuvimbisha jicho zima, na kwenye ngozi nyeusi kuacha baka jeupe la muda mrefu. Ngozi yetu hukumbuka majeraha ya baridi na ya moto kwa rangi, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla, si baada. Dawa zenye asidi ya salisiliki, zile zinazouzwa madukani kwa chunjua za miguu, hazitakiwi kabisa karibu na jicho. Wala podofilini. Wala jiki, asidi ya betri, siki, au mafuta ya ganda la korosho ambayo watu wa kusini wanajua vizuri jinsi yanavyobabua. Hata krimu na kalamu za umeme zinazotangazwa mitandaoni kuwa zinaondoa vinyama usoni ziachwe. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaandikia barua za onyo baadhi ya wauzaji wa bidhaa za namna hiyo.

Na kuna njia ambayo somo aliikataa tangu mwanzo: kuiacha. Chunjua ndogo ya kope, isiyogusa jicho, isiyokua haraka, iliyokwisha kutazamwa na anayejua, inaweza kuachwa miezi na hata mwaka. Mama wa binti alikuwa sahihi. Alichokosa ni mtu wa kumuunga mkono.

Lakini "kutazamwa na anayejua" ni maneno yenye uzito wake, na mjomba ndiye anayeyaeleza.

Siku ile Bombo, mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi akimngoja mpwa wake. Daktari alipotoka kuzungumza naye aliliona kope lake la chini.

"Mzee wangu, hilo nalo lina muda gani?"

"Aa, hii chokea tu, daktari. Imeshakatwa mara mbili. Hurudi."

"Hurudi mahali palepale?"

"Palepale."

Daktari akamwingiza ndani. Palikuwa na uvimbe mgumu, wa manjano kidogo, usiouma. Nywele za kope zilikuwa zimetoka mahali hapo na hazikuota tena. Mara zote mbili alipokatwa, kwenye zahanati mbili tofauti, kilichotolewa kilitupwa kwenye ndoo. Safari hii kilipelekwa maabara, na majibu yakaja kwamba ni saratani ya tezi za mafuta za kope. Akapewa rufaa ya KCMC, Moshi, akakatwa kwa kina na kope likajengwa upya. Kope lake halifungi vizuri kama zamani, na hutia matone ya kulainisha jicho kila siku. Yuko hai, na anakwenda baharini.

Saratani ile si ya kawaida, ila inajulikana kwa kujifanya kitu kingine, na chokea ndiyo nguo yake ya kupendelea. Kwa hiyo uvimbe wa kope unaorudi mahali palepale haupaswi kukatwa na kutupwa. Kidonda cha kope kisichopona, kinachotoka damu kwa kuguswa, kinyama kinachokua kwa wiki badala ya miezi, kinachobadilika rangi, kinachokula ukingo wa kope au kung'oa nywele zake, hivyo vyote vinataka hospitali mapema na kipimo cha nyama. Kwa ndugu zetu wenye ualbino sisemi mapema, nasema mara moja, kwa kuwa jua la nchi zetu huwatengenezea saratani za ngozi wangali vijana, na kope haliponyoki. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC hutengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yao. Kofia pana na miwani ya jua navyo ni dawa.

Yapo pia yasiyo chunjua na yasiyo saratani. Vipele laini vyenye kishimo katikati, vinavyoota kwa watoto na kuwekundisha jicho vikikaa ukingoni mwa kope, ni vya kirusi kingine kabisa. Vikitokea vingi na vikubwa usoni mwa mtu mzima, au chunjua zikimzidi ghafla, ni busara kupima virusi vya UKIMWI, kwa kuwa kinga iliyochoka huonekana mapema kwenye ngozi, na dawa zipo. Mabaka laini ya manjano karibu na pua huenda yanasema mafuta yamezidi kwenye damu. Mtu wa kutofautisha haya ana taa na kioo cha kukuzia. Mnyaa haubagui, huunguza chochote, na kikishaungua hata daktari hushindwa kusoma kilikuwa nini.

Somo yule bado anafunda wali. Alikwenda Bombo kumtazama binti, akalia naye, na hakuna aliyemfukuza. Nadhani watu wa namna yake ndio wanaoweza kulikomesha jambo hili kuliko bango lolote la wizara, kwa sababu mwali humsikiliza somo wakati ambapo hamsikilizi mama yake.

Basi nawaomba ninyi masomo na makungwi, na ninyi wenye saluni. Kila mteja na wembe wake mpya, kila mwali na kijiti chake cha wanja. Ukiona kitu kimeota kwenye kope la binti, mpeleke akatazamwe miezi kabla ya harusi, na kama muda umebana, aolewe nacho. Na ikitokea nyumbani kwako, kwa bahati mbaya au kwa kupanda ua, maziwa ya mnyaa yakamwingia mtu jichoni, usitafute jirani wala duka. Mwagia maji, nusu saa nzima, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema amepata nafuu. Mkifika, semeni ni mnyaa.